Dorkasi, Mhuri na Ubao wa Mkulo

Dorkasi hawezi kupita mbele ya bango baya akanyamaza. Mimi ni jirani yake, fundi cherehani. Pale juu ya stendi ya Lushoto kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao tu, na yote asemayo nayasikia nipende nisipende. Nimemwona kwa macho yangu akisimama mbele ya duka la mbolea, kikapu cha mboga mkononi, akimwambia mwenye duka kwamba herufi zake zimebanana kama viazi guniani na muda si mrefu zitaota. Mwenye duka alicheka. Dorkasi hakucheka, na haikupita muda bango lile likabadilishwa.

Ni mtoto wa Kwai huyu. Mama yake alikuwa akiuza maziwa, na mimi humtania kwamba aliyanywa mno, ndiyo maana kichwa kikawa kigumu. Kazi alijifunza Tanga, kwa mchoraji aliyekuwa akiandika kwa brashi kwenye milango ya malori, kabla kompyuta hazijaingia na kuwanyima wenye brashi riziki yao. Dorkasi hakukaa kulia. Alinunua kompyuta, akanunua na mashine ya kukatia stika, akapanda mlima kurudi kwao. Siku hizi ukiona lori linateremsha kabichi na jina lake mlangoni linasomeka tangu kona ya mbali, usiulize limeandikwa na nani.

Lakini stika hukatwa na wengi. Kinachowaleta watu kwa Dorkasi wakitokwa jasho ni faili lililoharibika. Mtu amechorewa mchoro mzuri Dar es Salaam, ameulipia, ameupenda. Akiufungua kwenye kompyuta ya huku, au akiupeleka kwenye mashine ya aina nyingine, anakuta maneno yamekuwa ya mtu mwingine. Dorkasi alinieleza siku moja ninapindisha suruali. Alisema kila programu ina namna yake ya kuhifadhi mchoro, na mchoro ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, maua na misalaba na picha za ng'ombe hupita salama, ila herufi ndizo huumia. Kompyuta isiyo na aina ile ya herufi huweka nyingine iliyo nayo, basi neno linavimba na kulipanda la jirani yake. Mviringo unageuka kona kona. Na macho yanazibwa.

Jicho, kwake yeye, ni ile nafasi iliyo ndani ya A, au ndani ya O. Ukimletea kazi ambayo macho yamezibwa atakuambia, "Herufi isiyo na jicho haikuoni," kisha atakaa kitako kuyafungua moja moja. Anayo pia tabia moja inayowashangaza wateja: kila akimaliza anageuza maandishi juu chini, anayatazama hivyo hivyo, kichwa amekiinamisha upande. Anasema ukiyasoma unaona neno, ukiyageuza ndipo unapoziona herufi. Mimi nilijaribu nikaumwa shingo.

Sasa nisimulie habari ya ubao, maana ndiyo iliyonifanya nimheshimu, ingawa sijamwambia.

Usharika wetu uko upande wa kwenda Gare. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa waliohusika wote bado tunasalimiana. Tulivunja kanisa la zamani lililokuwa limechoka, tukajenga jipya. Juu ya mlango wa lile la zamani palikuwa na ubao mmoja mrefu wa mkulo, mti wa msitu wetu wenye harufu ya kafuri, mti ambao siku hizi hukati bila kujitafutia kesi. Mafundi walipoushusha walitaka kuufanya jukwaa la kusimamia wakipiga lipu. Mzee Sefania, mzee wa kanisa mkongwe kuliko wote, alikwenda akaukalia. Mvua ya manyunyu ikamkuta amekaa. Mafundi walipomwomba ainuke aliwajibu kwamba ubao ule ulipasuliwa na baba yake, kwa msumeno wa watu wawili, baba yake juu na mwenzake chini shimoni, na kwamba wao wakitaka jukwaa paini ziko tele. Wakauacha.

Baraza la wazee liliamua ubao urudi juu ya mlango wa kanisa jipya, ukiwa umechongwa maneno. Mzee alikubali kwa sharti moja. Macho yake yameingia ukungu, hospitali wamefanya lililowezekana, basi alitaka ubao usipandishwe kabla yeye hajausoma kwa vidole. "Ukishapanda kule juu," alisema, "kwangu mimi umekwenda." Hakuna aliyembishia. Maneno yenyewe aliyatoa yeye: INGIA NA MZIGO, TOKA NA AMANI. Huku kwetu, ambako kila mwanamke anafika kanisani akiwa ameshapanda kilima na kitu kichwani, hayahitaji mahubiri.

Kazi ya kuchora herufi akapewa Dorkasi. Mzee aliletwa dukani pamoja na ubao wake, na mimi nikatoka kuuona. Wakati Dorkasi anaupima, mzee alikuwa ameushika upande wa kulia, na kidole gumba chake kilitulia kwenye kona ya chini, penye mikato mitatu midogo, kama iliyopigwa kwa ncha ya panga. Aliongea habari za mvua, za bei ya karoti, za mjukuu wake aliyeko Morogoro, na kidole hakikuondoka pale. Nilimwona Dorkasi akikitazama. Kisha akaandika vipimo vyake.

Alichora herufi nene, zenye nafasi ya kutosha katikati ili kidole kipate njia. Kisha ukaja mhuri.

Katibu wa baraza letu ni Mzee Anord, mstaafu wa serikali, mtu mwema ambaye hajawahi kumkosea mtu shikamoo wala kumwachia mtu karatasi isiyo na mhuri. Nisimcheke sana, ana sababu. Mabenchi ya kanisa yalipotengenezwa, fundi mmoja alidai aliambiwa kwa mdomo ayafupishe, na mpaka leo watu warefu wanasali magoti yakiwa masikioni. Tangu siku hiyo katibu aliapa kwamba hakuna kitakachotengenezwa bila mchoro uliogongwa mhuri. Dorkasi alipopeleka mchoro wake kwenye karatasi, wazee wakaupitisha, katibu akaugonga mhuri wa usharika. Na kwa kuwa pembeni hapakuwa na nafasi ya kumridhisha, aliugonga katikati, juu ya maneno.

Kuchonga kulipelekwa Shume, kwenye karakana ya mbao yenye mashine inayoongozwa na kompyuta. Anayeiendesha ni kijana mtaratibu anayeitwa Kristian. Dorkasi alimpelekea faili kwa flashi. Katibu naye, kwa nia njema kabisa, akaipiga picha ile karatasi kwa simu na kumtumia Kristian, ili kijana asije akachonga kitu ambacho hakikupitishwa.

Ijumaa, siku mbili kabla Askofu hajaja kuzindua, tukapanda Shume. Dorkasi alikwenda kwa sababu haachi kazi yake ichongwe bila yeye kuwapo. Mimi nilimfuata kwa ajili ya karoti za bei ya shambani, na kwa ajili ya umbea. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na karakana yote inanukia unga wa paini. Tulipoingia, ubao wa mkulo ulikuwa umeshabanwa juu ya meza ya mashine na Kristian amenyoosha mkono kuiwasha.

Dorkasi aliupita mlango, akaitazama skrini mara moja, akaenda kuweka kiganja juu ya ubao.

"Chonga kwanza kwenye paini," alisema.

Kristian alimsalimu, shikamoo dada, kisha akamweleza kwa upole kwamba mchoro umeshapitishwa, tena una mhuri, na mashine ina kazi nyingine zinazosubiri.

"Paini Shume haijaisha," Dorkasi akamjibu. "Mkulo umekwisha."

Hakuutoa mkono. Kristian ni mtu wa mbao, neno hilo lilimwingia. Akafungua vibano, tukausogeza ubao wa mzee ukutani, akabana kipande cha paini. Mashine ikalia. Ilipomaliza akapuliza unga, na sisi watatu tukainama kutazama.

Yalikuwa maneno ya aibu. Kompyuta ilikuwa imeigeuza picha ya simu kuwa mistari, na kompyuta haijui lipi ni neno na lipi ni mhuri. Kwa hiyo ilichonga vyote. Duara kubwa lilipita juu ya MZIGO likaingia hadi TOKA, ndani yake vijitundu vilivyokuwa jina la usharika. A zote hazikuwa na macho. Mashine iliyachimba na yenyewe, zikabaki mashimo ya pembe tatu. Kingo zilikuwa zimetafunwa tafunwa. Nilifikiria vidole vya Mzee Sefania vikipita mle, nikasikia uchungu kweli, maana maji yakimwagika hayazoleki, na ubao ule hauna mwenzake.

Dorkasi alimuuliza Kristian faili lake liko wapi. Akalifungua. Nalo halikuwa salama: herufi zilikuwa nyembamba, za aina nyingine kabisa, na maneno yametawanyika hadi ukingoni. Hapo ndipo kijana alipojitetea, na alikuwa na haki. Aliletewa mafaili mawili, moja lina herufi za ajabu na jingine lina mhuri wa kanisa. Wewe ungechagua lipi?

Dorkasi aliitikia kwa kichwa. Alisema kosa la mhuri si lake, lakini hilo la pili ni lake. Kwa sababu alipokuwa akichora wazee walikuwa bado wanabishana kama iandikwe TOKA au RUDI, yeye aliziacha herufi zikiwa maandishi yanayoweza kubadilishwa, na mchoro ulipopitishwa akasahau kuzigeuza kuwa maumbo kabla ya kuzituma. Kompyuta ya Shume haikuwa na aina ile ya herufi, ikaweka ya kwake. Aliyasema haya kama mtu anayetaja idadi ya vifungo vya koti, kisha akavuta kiti.

Lakini Kristian hakusogea. Alisema faili jipya halina mhuri, na yeye hataki kuja kuitwa mbele ya baraza kama fundi wa mabenchi. Dorkasi akampigia katibu simu. Sauti ya Mzee Anord niliisikia na mimi, maana huongea na simu kama anaongea na ng'ambo ya bonde. Alisema bila mhuri haiwezekani, na baraza haliwezi kukutana kabla ya Jumapili, na yeye atawaambia nini wazee.

Nilidhani Dorkasi atapandisha hasira. Ningekuwa mimi ningepandisha. Yeye alisema taratibu kabisa, "Basi katibu, njoo na mhuri huku Shume. Utaugonga juu ya mbao."

Katibu alikuja kwa pikipiki, amevaa koti zito, mhuri na kidau chake cha wino vikiwa mfuko wa ndani. Mpaka anafika Dorkasi alikuwa ameshafanya kazi yake. Alikuwa na faili la asili kwenye simu, pamoja na aina yake ya herufi, na safari hii alizigeuza herufi kuwa maumbo kabla hazijavuka kwenda upande wa pili, ili kompyuta ya Shume isipate nafasi ya kuleta zake. Zikavuka, lakini hazikuvuka zikiwa nzima. Baadhi ya mistari ilikuwa imejirudia, mmoja juu ya mwingine, mashine ingeipita mara mbili na kuchimba kupita kiasi. Akaufuta wa juu. Mviringo wa G na wa O ulikuwa umevunjika vipande vifupi vilivyonyooka. Akavuta nukta moja moja mpaka ukalegea ukawa mviringo tena. Mwisho macho. Kila jicho alilifunga na herufi yake, ili mashine ijue kwamba pale ni mahali pa kuacha, si pa kuchimba. Kisha, mnajua tena, akaomba skrini igeuzwe juu chini. Kristian aliigeuza bila kuuliza. Nadhani alikuwa ameshaanza kumpenda kama mwalimu.

Wakachonga kipande cha pili cha paini.

Katibu alisimama mbele ya vipande viwili, akasema kwa kweli cha pili ni kizuri zaidi, lakini cha kwanza ndicho kilichopitishwa. Nikaona Dorkasi anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Katibu, ubao huu utasomwa kwanza na nani?"

"Na Mzee Sefania."

"Kwa macho?"

Dorkasi akamwomba afumbe macho, akamshika mkono kwa heshima, kama unavyomshika baba yako, akauweka mwanzo wa kipande cha kwanza. Katibu alisoma INGIA kwa shida. Alipofika kwenye MZIGO kidole kikaingia kwenye duara, kikazunguka, kikarudi kilipotoka, kikazunguka tena. Mtu mzima alipotea ndani ya mhuri wake mwenyewe. Sisi tuliomtazama tulibana vinywa. Alipopewa cha pili alisoma taratibu mpaka mwisho, na akifika kwenye A kidole kilikuwa kinapanda juu ya jicho na kushuka. Akafumbua macho. Wala hakununa, namsifu kwa hilo. Alitoa kidau, akaugonga mhuri nyuma ya kipande cha pili, akaweka na sahihi.

Kisha akakumbuka kuwa yeye ni katibu. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akasema maneno hayako katikati, yameelemea kushoto, upande wa kulia umebaki mtupu.

Dorkasi akajibu, "Yako pale yanapotakiwa kuwa."

Alisema hivyo tu. Mzee Anord alinitazama mimi, nami nikatazama karoti zangu. Nadhani alikuwa amechoka kufumba macho, hakuendelea. Ubao wa mkulo ukarudishwa mezani, Dorkasi akausukuma kidogo, akaupima tena, akampa Kristian ishara. Mashine ilipouma tu, harufu ya kafuri ikajaa karakana nzima, mbichi, kana kwamba mti uliangushwa asubuhi ile. Kristian alizima spika iliyokuwa ikipiga muziki pembeni. Tulisimama tukanusa mpaka herufi ya mwisho.

Jumapili Askofu alifika, kwaya ikaimba, na kabla ya yote ubao uliwekwa juu ya viti viwili mbele ya mlango. Mzee Sefania aliongozwa hadi pale. Aliuliza mwanzo uko upande gani, akaonyeshwa.

Aliinama, akaanza. Kidole cha shahada kilipita ndani ya I, kikazunguka N, kikaenda. Alikuwa akisoma kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi, kisha neno zima. INGIA. NA. MZIGO. Dorkasi alikuwa amesimama pembeni yangu, amekunja mikono, uso mkavu. Ningemjua kidogo tu ningesema hajali. Lakini niliona midomo yake inakwenda pamoja na kidole cha mzee. TOKA. NA. AMANI. Alipomaliza I ya mwisho watu walivuta pumzi wapige makofi, na katibu akaanza kuwaita vijana wa kupandisha.

Mzee hakuinuka. Kidole chake kilitoka kwenye herufi kikaendelea kulia, kwenye ule upande mtupu ambao katibu alisema umeachwa bure. Kilikwenda polepole, kama mtu anayeingia chumbani akiogopa kukuta kitanda kitupu. Kikashuka kwenye kona ya chini. Kikaikuta mikato mitatu, mizima, haijaguswa, ile alama ambayo mpasuaji mbao wa zamani aliipiga ili ubao wake usichanganyike na wa mwingine.

Mzee Sefania aliweka kiganja chote pale. Akasema neno moja, la Kishambaa, lile mtoto analomwitia baba yake akiwa nje ya mlango wa nyumbani kwao.

"Tate."

Mimi nililia, sikatai, na katibu alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Kisha mzee akauliza aliyechora herufi yuko wapi, na Dorkasi akasogea, akapiga goti, akamwamkia. Mzee alimshika kichwa kwa mkono ule ule uliotoka kwenye ubao. Aligeuza uso kwa vijana, akawaambia sasa wanaweza kuupandisha.